Shatili: Mnara, Mshairi na Simu kwa Shangazi



Mdogo wetu alipomaliza masomo yake Georgia, nchi iliyo kwenye milima ya Caucasus, sisi dada zake wawili tulikwenda kumchukua. Harusi yake ilikuwa imebaki miezi miwili, kwa hiyo ndani ya sanduku tulibeba na orodha ya waalikwa. Jina la shangazi yetu halikuwemo. Tangu ugomvi wa shamba la urithi, yeye na mama hawapeani salamu, na biharusi alishasema: "Asiyemsalimia mama yangu asije kula pilau yangu." Nasi tulinyamaza.

Kabla ya kurudi, alitaka tukaone Shatili, kijiji cha minara karibu na mpaka wa Chechnya. Njia ya kutoka Tbilisi inapanda hadi mita 2,676, na wakati wa baridi hufungwa na theluji. Sisi tulikwenda kiangazi, lakini watoto wa pwani tulijifunga mashuka juu ya mabuibui na bado meno yaligongana.

Minara ya Shatili imejengwa kwa mawe bapa, imebanana ubavu kwa ubavu kama nyumba za Mji Mkongwe. Tofauti ni kwamba matundu ya kuta zake yaliwekwa kwa ajili ya bunduki, si kwa ajili ya upepo. Mifugo ilikaa chini, watu juu. Adui akija, kijiji kizima kilikuwa ngome moja. Na adui huyo mara nyingi alikuwa Mkisti, jamaa wa Wachechnya wa ng'ambo ya mlima, Muislamu kama sisi.

Tulikaa kwenye ngazi ya mnara, mdogo wetu akatusimulia kisa cha mshairi Vazha-Pshavela, aliyezaliwa mwaka 1861 katika kijiji cha Chargali, kwenye milima hiyo hiyo. Utenzi wake wa "Aluda Ketelauri", wa mwaka 1888, unaanzia hapo Shatili. Aluda, Mkristo, anawafuata Wakisti walioiba farasi na kumuua mmoja wao, Mutsali. Mila ilikuwa kumkata adui mkono wa kulia na kwenda nao nyumbani. Aluda hakuweza, kwa kuwa alikuwa ameuona ushujaa wa yule mtu. Baadaye akaomba Mutsali achinjiwe fahali, kama wanavyochinjiwa marehemu wa kwao. Kuhani akakataa, Aluda akachinja mwenyewe. Watu wake wakamfukuza, yeye na mama yake na mkewe na watoto, wakaondoka kwenye theluji.

Hakuna aliyesema neno. Mtu yule alimheshimu adui wa dini nyingine mpaka akapoteza nyumba. Sisi tunaosoma kila siku ubora wa kuunga udugu tulikuwa tumemfuta shangazi kwa kalamu.

Jioni mwenyeji wetu, bibi mtu mzima, alituwekea mkate, jibini na chai. Alipotuona tunafunga mitandio upya, akatabasamu na kutueleza, mdogo wetu akitafsiri, kwamba zamani wanaume wakipigana, mwanamke alikivua kitambaa chake cha kichwa na kukirusha kati yao, nao iliwapasa kuacha. Kitambaa hicho wanakiita mandili, jina lisilo geni masikioni mwetu. Sisi hatuvui mitandio mbele ya wanaume, lakini maana tuliielewa: ugomvi wa watu wazima, mwanamke mmoja anaweza kuusimamisha akikubali kutoa kitu chake.

Usiku biharusi alinong'ona, "Mama ataona nimemsaliti."

Hatukuwa na jibu. Aluda naye aliambiwa hivyo hivyo.

Kesho yake, tuliposhuka na simu zikashika mtandao, akampigia mama kwanza. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ugomvi ni wangu. Yule ni shangazi yako." Ndipo akapiga simu ya pili.

"Shikamoo shangazi."

Kimya. Tukasikia jogoo akiwika upande wa pili.

"Marahaba. Singo anakutwangia nani?"

"Bado hatujapata mtu, shangazi."

"Basi msimpe mtu mwingine."

Alikuja siku tatu kabla ya nikaha na kinu chake mwenyewe. Yeye na mama hawakukumbatiana, na kesi ya shamba bado haijaisha. Lakini walisalimiana mlangoni, na asubuhi ile walichambua asumini kwenye sinia moja.

Mwari unayesoma hapa, kabla hujapeleka kadi, isome tena orodha yako. Muulize mama kwa upole, kisha piga simu. Allah azijaalie ndoa zetu ziwe sababu ya kuunga, si ya kukata. Amin.