Nani Aliwabebea Mizigo?



Kwa mwanafunzi aliye ugenini, mwisho wa juma ni mfupi lakini una thamani kubwa. Siku tano ni za vitabu na za lugha ngumu. Siku mbili zinazobaki ni za kuitazama dunia kwa fedha kidogo. Mwaka 2009, katika mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, nilikaa muhula mmoja mjini München, Ujerumani. Jumamosi moja ya mwezi Juni tulifunga safari watu wanne kwenda Innsbruck, mji mkuu wa jimbo la Tirol nchini Austria. Tulikuwa dada mmoja kutoka Hispania, kijana mmoja kutoka Poland, mwenyeji wetu aliyezaliwa Innsbruck, na mimi, mtoto wa Kilimanjaro.

Safari za wanafunzi huanza na hesabu. Tikiti ya kundi ya jimbo la Bavaria, ambayo watu hadi watano waweza kusafiria pamoja, ilitufikisha Kufstein, mpakani. Kutoka hapo tulinunua tikiti nyingine ya kufuata bonde la mto Inn. Jina la mji lenyewe lina maana ya daraja la mto huo. Mji umelala kwenye sakafu ya bonde, kiasi cha meta 574 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kaskazini safu ya milima iitwayo Nordkette imesimama karibu mno, hata ukiwa katikati ya barabara yenye maduka unauona mwamba juu ya mapaa. Hapo nilijisikia nyumbani kidogo. Sisi tuliokulia chini ya mlima hatuoni ajabu kuinua macho kila asubuhi tukaulizane kama leo umejifunika au umejifunua.

Tulizunguka mji kwa miguu. Tuliliona Paa la Dhahabu, roshani aliyojengewa Kaisari Maximilian wa Kwanza na kukamilika mwaka 1500, iliyoezekwa kwa vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Kisha tukaingia katika Kanisa la Kifalme, Hofkirche, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko popote.

Katikati ya kanisa hilo pana kaburi kubwa la marumaru, lenye picha za kuchonga zinazosimulia vita na ndoa za Kaisari huyo, na juu yake yupo mwenyewe kwa shaba, amepiga magoti. Pande zote mbili zimepangwa sanamu 28 za shaba nyeusi, kubwa kuliko kimo cha mwanadamu: wafalme, malkia na mashujaa aliowahesabu kuwa ukoo wake. Mpango wa awali ulikuwa sanamu 40. Baadhi zilichorwa na Albrecht Dürer. Mikono yao iliumbwa ili ishike mishumaa, kama waombolezaji katika mazishi yasiyokwisha. Lakini kaburi ni tupu. Maximilian alifariki mwaka 1519 mjini Wels, akazikwa Wiener Neustadt, mbali na hapo. Kanisa lenyewe lilijengwa baada yake, kati ya mwaka 1553 na 1563, kwa amri ya mjukuu wake Ferdinand, ili kumbukumbu hiyo ipate pa kukaa.

Yule kijana wa Poland alizihesabu sanamu zote, kisha akaninong'oneza kwamba watu hawa wamebeba mishumaa miaka mingi kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Tulicheka kwa sauti ya chini. Hata hivyo maneno yake hayakuniacha.

Jioni tulilala nyumbani kwa mwenyeji wetu. Mama yake alitupikia, na mezani alikuwapo bibi yake, mzee aliyekulia katika shamba la juu milimani. Sisi tulimwita Bibi tu, kila mmoja kwa lugha yake, naye aliitika zote. Mjukuu alimweleza kwamba mimi ninatoka Kilimanjaro, kisha akanigeukia kwa fahari: "Unajua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kufika kilele cha mlima wenu alizaliwa hapa?"

Nilijua. Ludwig Purtscheller alizaliwa Innsbruck mwaka 1849. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo na mpanda milima hodari. Tarehe 6 Oktoba 1889 alifika kileleni pamoja na Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, ambaye majaribio yake ya miaka miwili iliyotangulia hayakufanikiwa. Kilele hicho walikipa jina la Kaisari wa Ujerumani, nasi tukakiita Uhuru mwaka 1961. Jina la Purtscheller bado limebaki kwenye ncha mojawapo ya Mawenzi.

Mazungumzo yakapamba moto: barafu, kamba, mashoka ya kukatia ngazi. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja kwa lahaja yake, na mjukuu akasita kidogo kabla ya kulitafsiri: "Nani aliwabebea mizigo?"

Alieleza kwa nini aliuliza. Katika usichana wake alikuwa akishusha nyasi kavu mgongoni kutoka malisho ya juu, na kupandisha unga na chumvi kwa walioishi huko kiangazi. "Mlima haupandwi kwa miguu tu," alisema. "Unapandwa kwa mgongo wa mtu."

Ndugu zangu, chuoni nilijulikana kama kijana wa Afrika anayesoma falsafa na kusema lugha tano. Hakuna aliyekuwa ameniuliza juu ya babu yangu. Usiku ule nikawaeleza. Babu mzaa baba alikuwa mpagazi. Kwa miaka mingi alipandisha mizigo ya wageni, kichwani juu ya ngata ya majani ya migomba, akiwa amevaa viatu vilivyoachwa na mgeni aliyemzidi mguu. Alifika kwenye kambi za juu mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, lakini kileleni hakuwahi kufika, kwa sababu mizigo huishia kambini. Ada yangu ya shule ya msingi ilitoka kwenye shingo yake. Alifariki miaka miwili kabla ya safari hiyo. Hakuna kitabu chenye jina lake.

Nikawaeleza pia ninayoyajua juu ya msafara wa mwaka 1889. Meyer mwenyewe anamtaja katika kitabu chake Muini Amani, mtu wa Pangani, mwana wa pwani ya joto, aliyebaki nao katika kambi ya juu penye baridi kali wakati wengine walirudishwa chini. Marangu nako kuna jina la Yohana Lauwo, ambaye mwaka 1989, katika kuadhimisha miaka 100, alitambuliwa hadharani kuwa miongoni mwa waliowaongoza wageni wale, akapewa nyumba. Wanahistoria wanabishana juu ya umri wake na juu ya alikofika. Lakini wengine wote waliobeba hema, chakula na vyombo hawana hata mtu wa kubishana juu yao.

Bibi aliniomba nilitaje jina la babu. Nililitaja. Akalirudia polepole mara mbili hadi likamkaa mdomoni, na wengine wakalirudia baada yake. Jina la Kichaga likasemwa na Mtirol, Mhispania na Mpoland katika jiko moja, chini ya milima ya Alpi. Nilitoka nje kidogo kuvuta hewa.

Jumapili, baada ya Misa, tulimwaga sarafu zetu mezani. Kwa wengine wawili nauli ya kwenda hadi juu ilitosha; kwangu na kwa yule dada haikutosha. Hakuna aliyetoa hotuba. Walichanganya fedha zote, wakagawanya, tukafika wote wanne hadi kituo cha Seegrube, meta 1,905, wala hakuna aliyeendelea hadi Hafelekar. Treni ya kukwea huanzia katikati ya mji, kisha gari la waya hukuchukua juu ya misonobari. Tulikaa kwenye jiwe karibu na mabaki ya theluji, tukautazama mto, uwanja wa ndege, na ng'ambo ya bonde mnara wa kurukia wa Bergisel, ambao mbele yake kuna makaburi ya Wilten. Kilele kilikuwa juu yetu, na hatukukidai.

Nimewaandikia haya kwa sababu wengi kati yenu mna wana na wajukuu wanaofanya kazi ile ile aliyoifanya babu. Kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi. Kanuni ni njema inapofuatwa, na mizani ni njema inapopimiwa macho ya watu yakiwapo. Kijana akirudi nyumbani na shingo inayouma, mwulizeni alibeba kiasi gani, na kama alilipwa walichopatana. Swali la yule mama mzee ni swali la haki, wala si la historia peke yake.

Tena kila nyumba ina kilele chake: shahada ya mtoto, nyumba ya bati, duka la kwanza. Kaisari aliagiza watu 40 wa shaba wamshikie mishumaa, akapata 28, naye hayupo. Babu zetu hawakuagiza chochote. Basi juma hili, mnapokula pamoja jioni, mwulizeni mkubwa wa nyumba ni nani aliyebeba mzigo ili ninyi mfike mlipofika. Akitaja jina, lirudieni mara mbili, na watoto walisikie.