Maziwa ya Dang'a

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa pwani, aliwahi kuniuliza kwa nini katika Kasulu hapana farasi. Alikuwa ameiona milima yetu yenye majani mengi na upepo wa baridi, akasadiki kwamba nchi kama ile imeumbwa kwa ajili ya mnyama wa mbio. Nilimjibu kwamba sisi farasi tulimjua katika kitabu cha shule, na kwamba aliyemzuia asifike kwetu ni kiumbe mdogo kuliko ukucha wa kidole, yaani mbung'o.

Mbung'o anakaa chini ya milima, katika misitu ya miombo inayoteremka kuelekea mto Malagarasi. Kwa kuuma kwake huwatia watu malale, na wanyama huwatia nagana. Katika miaka ya 1930 malale yaliitisha Buha hata serikali ya wakati ule ikawahamisha watu wengi kutoka misituni, ikawakusanya mahali pamoja. Ng'ombe huugua kwa nagana, lakini farasi ni mnyonge zaidi mbele ya maradhi hayo. Hata nje ya misitu ya mbung'o safari za bara zilimshinda. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, Ujiji hawakuiona. Basi heshima ambayo mataifa mengine huwapa farasi, sisi tuliwapa ng'ombe wa pembe ndefu, waliokaa juu milimani, mbali na inzi yule. Na majira ambayo wafugaji wa farasi huyakesha, jike la farasi linapokaribia kuzaa, kwetu yalikuwa majira ya kuzaa kwa ng'ombe. Nataka kusimulia usiku mmoja wa majira hayo, kwa sababu deni lake sijamaliza kulilipa.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 1968, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mvua zilikuwa zimeanza na majani yalikuwa yanachipua. Baba yangu alikuwa mbali, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako wanaume wengi wa Buha walikwenda kutafuta fedha. Mama alikuwa mgonjwa, na maziwa yake yalikuwa yamekauka. Mdogo wangu wa kike, mwenye miezi saba, alikuwa akinyweshwa maziwa ya kuomba kwa jirani. Tumaini la nyumba nzima lilikuwa juu ya mtamba mmoja mwekundu, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza.

Mtamba yule hakuwa mnyama wa kununuliwa sokoni. Babu wa baba yangu alimpata bibi wa bibi zake kwa njia ya ubugabire, desturi ya zamani ya Buha, ambayo mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi asiye na ng'ombe mnyama mmoja, naye aliyepokea akamtumikia aliyetoa. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha, na machifu nao walikuwa wameondolewa madarakani tangu mwaka 1963. Walakini bibi yangu aliendelea kumtazama kila ng'ombe kama amana. Alisema kwamba ng'ombe hawi mali ya mtu mmoja. Mtu humshika tu kwa niaba ya waliomtangulia na ya watakaomfuata.

Bibi alizijua dalili zote. Aliona kiwele kikijaa na chuchu zikikaza. Aliona mashimo yakiingia pande mbili za shina la mkia. Aliona mtamba akijitenga na wenzake. Jioni ile aliniita akaniambia, "Mjukuu wangu, huyu hapitishi usiku. Macho yangu hayana nguvu. Lala karibu na zizi, na akilala chini kwa uchungu, niamshe. Usifanye neno lolote. Niamshe tu." Nikaitikia, "Ndiyo, Bibi."

Sikumwamsha. Leo naweza kutaja sababu yake bila ya kujitetea: nilitaka sifa. Nilikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, najua kusoma na kuandika, na niliona kwamba kukipambazuka Bibi akute ndama amesimama, atajua kwamba nyumba ina mwanamume. Usiku wa manane mtamba alilala chini akaanza kuguna. Niliwasha koroboi nikakaa kando yake. Chupa ilipasuka, zikatokea kwato mbili za mbele, kisha pua iliyolazwa juu ya miguu, kama inavyostahili. Baada ya muda ndama alianguka chini, naye alikuwa jike. Niliondoa utando puani mwake, akapiga chafya, akapumua. Mpaka hapo sikukosa.

Kisha mvua ikaanza kunyesha. Ndama alitetemeka, nami nikamhurumia. Nilimnyanyua kabla mama yake hajasimama vizuri, nikampeleka ndani penye moto, nikamfuta kwa gunia mpaka akakauka manyoya yote. Mama yake alilia nje, lakini nilikuwa nimemfunga kamba asinifuate. Niliketi na ndama magotini mwangu, nimejaa furaha, hata usingizi ukanichukua.

Bibi alitukuta hivyo alfajiri. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alimgusa ndama mgongoni, akanusa kiganja chake, akasema, "Umemfuta jina lake."

Sikuelewa mpaka tulipompeleka zizini. Mtamba alimnusa ndama, akarudi nyuma, akampiga teke. Harufu ambayo kwayo mama humjua mtoto wake ilikuwa imebaki katika gunia. Katika saa ile ambayo ulimi wa mama humlamba mtoto, ukamwamsha damu na kumwandika moyoni, mimi nilikuwa nimesimama kati yao na huruma yangu. Tulimfunga mtamba miguu, tukajaribu kumkamua, naye akayazuia maziwa. Ndama alionja machache, na yalipopatikana ya kumtosha jua lilikuwa limekwisha kupinduka.

Bibi alimpaka ndama chumvi mgongoni siku ya pili. Mama akaanza kulamba kwa ajili ya chumvi, kisha akalamba kwa ajili ya ndama, na jioni akakubali kumnyonyesha. Nilifurahi nikadhani kosa limefutika. Siku ya nne ndama alianza kuharisha. Siku ya sita akafa. Mama aliyemkataa alimlilia siku tatu, na usiku sauti yake ilifika mpaka kitandani pangu.

Ng'ombe wa kwetu hashushi maziwa bila ya ndama mbele yake. Kwa hiyo Bibi aliichuna ngozi ya ndama, akaikausha, akaijaza majani makavu, akaipaka chumvi. Kila asubuhi na kila jioni nilipewa kazi ya kuishika ngozi ile mbele ya mama, naye akailamba, na alipokuwa akiilamba Bibi alikamua. Nilifanya hivyo kwa muda wa miezi mitano. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ni adhabu. Bibi alikuwa akipita karibu nami na kibuyu cha maziwa, akielekea kwa mtoto, bila ya kusema neno. Mdogo wangu aliishi. Leo ni mama wa watoto wanne, na hajui kwamba alilelewa na ndama aliyekufa kwa ujinga wangu.

Kwa miaka mingi nilidhani ndama yule alikufa kwa sababu ya kukataliwa tu. Ukweli niliupata mwaka 1994, nilipokuwa mgeni katika shamba moja la nyanda za juu za Kenya, si mbali na Nakuru, ambako baridi ya milima imewafaa farasi. Mzee aliyewatunza aliniruhusu kukesha naye. Alinieleza kwamba jike la farasi hubeba mimba miezi kumi na mmoja, na kwamba hupenda kuzaa usiku, wakati wa utulivu, hata likisumbuliwa laweza kuchelewesha uchungu. Tulikaa nyuma ya mlango, taa tumeipunguza. Jike lilizunguka, likatoka jasho, likalala. Na haikupita nusu saa mtoto akawa chini. Niliinuka bila ya kujitambua. Mzee alinishika mkono akaninong'oneza, "Tulia, bwana. Waache wajuane."

Tukawaacha. Mtoto alijaribu miguu yake mirefu, akaanguka, akajaribu tena. Kabla ya saa moja kwisha alikuwa amesimama, na kabla ya saa ya pili kwisha alikuwa amelipata titi. Ndipo mzee alipoingia taratibu akakitia kitovu dawa ya iodini. Kondo la nyuma lilipotoka alilitandaza chini, akalikagua kama mtu anayekagua nguo, ahakikishe kwamba ni zima; kwa maana kipande kikibaki tumboni, jike huweza kuugua na kufa. Aliniambia kwamba mtoto wa farasi huzaliwa hana kinga yoyote katika damu yake, kwa sababu kondo la mama haliipitishi. Kinga hiyo imo katika maziwa ya kwanza, na utumbo wa mtoto huipokea katika saa za mwanzo tu. Siku moja ikipita, mlango umefungwa. Nilimwuliza kama ndama naye yu hivyo. Akajibu, "Ni hali moja."

Hapo nilimkumbuka Bibi, aliyekuwa amekwisha kufariki. Yeye hakujua habari za kinga wala za damu. Lakini katika nyumba yake maziwa ya dang'a hayakuguswa na mtu. Hata mtoto wa binadamu akilia kwa njaa, siku nne za kwanza maziwa yalikuwa ya ndama peke yake, na aliyeyataka alijibiwa kwamba hayo yana mwenyewe. Mzee wa Nakuru na bibi wa Kasulu hawakuonana, wala lugha zao hazikufanana, lakini walifika mahali pamoja kwa njia mbili, kila mmoja kwa kutazama na kusubiri.

Wahenga walisema kwamba ng'ombe haelemewi na nundu yake. Mimi nilijifanya mpagazi wa nundu isiyokuwa yangu. Nimewaona wengi wenye kosa langu. Wazazi huwafanyia watoto yale ambayo watoto wangejifunza kwa kuanguka na kusimama. Walimu hujibu maswali yao wenyewe. Viongozi huwahurumia watu hata wasiwaachie nafasi ya kujuana. Wote hao wana moyo mwema, kama mimi nilivyokuwa nao usiku ule penye moto. Moyo mwema usiojua kungoja huweza kuua kama ukatili.

Mwaka 1970, mvua za kwanza, ng'ombe yule mwekundu alizaa tena. Safari hii nilimwamsha Bibi. Alikuja akiwa amejifunika blanketi, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaniambia niketi chini karibu naye na niikalie mikono yangu. Nikaikalia. Mvua ilinyesha, ndama akatetemeka, na mama akasimama akageuka, akaanza kumlamba kutoka pua mpaka mkia. Mikono iliniwasha kwa hamu ya kusaidia. Ndama alianguka mara tatu. Mara ya nne alisimama, akapapasa, akapata titi, na mkia wake ukaanza kucheza.

"Sasa," alisema Bibi, "nenda ukamletee mama maji."