Barua kutoka Uvira: damu nzito ya shangazi

Dada yangu mpenzi,

Nimefika salama. Toka Bujumbura nilipita Gatumba, nikavuka mpaka Kavimvira, kisha motari akanileta hadi Kalundu, ziwa kushoto, milima ya Mitumba kulia. Harufu ya ndagala walioanikwa mchangani ilinifuata hadi mlangoni kwa shangazi.

Shangazi hajambo, ila presha inamsumbua. Mezani kwake nilikuta vidonge vya daktari, na kando yavyo mfuko wa mizizi iliyokatwa vipande, ganda lake jekundu kama tofali. Ni danshen, dawa ya Kichina. Akanipeleka kwa muuzaji sokoni. Mzee yule alimshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Damu yako nzito, mama. Haipiti."

Maneno hayo yana asili ya mbali. Huangdi Neijing, kitabu cha tiba cha Kichina cha miaka kama 2,000 iliyopita, kinasema moyo ndio unaotawala damu na mishipa. Kwa waganga wa Kichina, damu husukumwa na qi, nguvu ya uhai. Qi ikilegea, damu hutuama. Vyakula vya mafuta navyo huzaa tan, ute mzito ambao ukichanganyika na damu iliyotuama, njia huziba. Mwaka 1830 mganga wa Kichina, Wang Qingren, alitoa kitabu chenye dawa ya kuiondoa damu iliyotuama kifuani, na hadi leo inachemshwa.

Shangazi alielewa papo hapo, maana sisi nasi husema damu nzito, na wazee wetu waliumika kwa pembe. Hata hospitali watakwambia mafuta hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa, ukuta huvimba, ukipasuka damu huganda hapo hapo. Nimependa jinsi maelezo hayo yanavyokaribiana.

Lakini vidole vitatu havisomi namba. Kipimo cha jirani kilionyesha 170 kwa 100, na kumbe shangazi alikuwa hajameza vidonge siku tisa, akitegemea mzizi! Niliogopa, dada. Tena danshen huzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mtu akivitumia pamoja anaweza kutokwa damu vibaya.

Kesho asubuhi tunakwenda kituo cha afya, na mfuko wa mizizi tunaubeba ili daktari auone. Jumapili mpigie simu. Kabla ya habari nyingine yoyote, mwulize kama amemeza.

Wako,
mdogo wako