Unga wa Gome Niliomnunulia Baba

Katika ukoo wetu huniita Daktari, nami sikuwahi kuwasahihisha. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sayansi ya siasa. Kuhusu kibofu cha mkojo sina elimu kuwazidi. Hata hivyo, baba aliponiambia kwa sauti ya chini, baada ya mzunguko mrefu kama ilivyo desturi ya wazee wetu, kwamba anaamka mara tano usiku na mkojo wenyewe unatoka kwa matone, nilimjibu kwa ujasiri wote wa cheo hicho.

Nilimnunulia unga wa gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milimani, Kilimanjaro ikiwemo. Nilikuwa na sababu za kisomi. Kampuni za Ulaya zimetengeneza dawa ya tezi dume kutokana na gome hilo kwa miongo kadhaa, na miti ikachunwa mno hata mkataba wa CITES ukaiwekea biashara yake masharti mwaka 1995. Darasani nilitumia mfano huo kuonyesha jinsi maarifa ya Mwafrika yanavyoporwa. Ningewezaje tena kumpeleka mzazi wangu kwenye kidonge?

Mwezi wa nane mkojo ulifunga kabisa. Sitasimulia usiku ule, ila niseme kwamba sijawahi kumsikia baba akilia, na kwamba alipowekewa mpira aliniomba nitoke nje.

Daktari wa zamu, binti wa umri wa wanafunzi wangu, hakuudhihaki unga wetu. Aliuliza tu: kila kijiko kina kiasi gani cha dawa? Kopo halikuwa hata na lebo. Kisha akaeleza kwamba tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi, na nafuu huonekana baada ya siku chache. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, lakini huhitaji miezi kama sita. Zina adha zake pia: kizunguzungu, na mambo ya chumbani ambayo mzee aliyasikiliza akitazama dari.

Nilisoma baadaye, nikiwa nimechelewa. Gome lilipimwa katika majaribio 18 yenye wanaume zaidi ya 1,500 na likaonyesha nafuu kiasi. Ila majaribio hayo yalikuwa mafupi, hata miezi minne ikawa mingi, na waliopimwa walipewa dawa iliyokamuliwa kwa kipimo, si unga wa kopo. Dawa za hospitali zilifuatiliwa Marekani kwa zaidi ya miaka minne, kwa wanaume zaidi ya 3,000; waliotumia aina mbili kwa pamoja, hatari ya hali yao kuzorota ilipungua kwa takriban theluthi mbili. Tena, dalili zile zile zaweza kuficha saratani, nami nilikuwa nimemtibu mtu ambaye hakuna aliyempima.

Baba sasa anatumia vidonge na anaamka mara moja. Kopo lingali juu ya kabati. Amenikataza kulitupa, kwa kuwa ni zawadi ya mwanawe. Juzi jirani yake aliniuliza kama umebaki unga kidogo. Nikamwuliza, "Mzee wangu, unaamka mara ngapi usiku?" Akatazama chini.