Admini, punguza kidole!

Leo nina neno na maadmini, hasa wale wenye vidole vyepesi.

Hapa kwetu Runzewe kila mtu ana grupu lake la WhatsApp. La mtaa, la bodaboda, la wachimbaji, la waliosoma pamoja. Lakini grupu la misiba ndiyo usipime! Ukifiwa usiku, asubuhi turubai limeshafungwa na michango inaingia kwa simu. Kumtoa mtu humo si utani, umemkata na majirani.

Sasa sikia. Kwenye grupu letu jamaa mmoja aliuliza kistaarabu tu, hela ya msiba uliopita imebaki ngapi? Hakutukana, wala hakuweka picha chafu. Kufumba na kufumbua, ametolewa! Nikauliza kulikoni, nikajibiwa eti ni sheria za grupu. Sheria zipi, bwana, wakati hazijaandikwa popote? Wiki mbili baadaye jamaa akafiwa na shangazi yake. Wengi walipata habari maiti imeshazikwa. Nilimkuta na watu wachache chini ya mwembe, kama mgeni wa mji. Roho iliniuma.

Wazee wa huku walilijua hili kabla ya simu. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupambana na wezi wa ng'ombe, adhabu yao mojawapo kali ilikuwa kumtenga mtu. Hasalimiwi, hasaidiwi. Sisemi walikuwa malaika, maana kipigo chao nacho kina historia yake. Ila kesi ilijadiliwa mkutanoni, mbele za watu, na mlango wa kurudi ulikuwepo: unalipa faini, unapokelewa, yanakwisha. Sisi je? Mtu mmoja, kidole kimoja, basi!

Kweli, admini naye ana presha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilipotungwa iliweka kwa anayesambaza uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Nani asiogope? Lakini tangu 2022 WhatsApp inamruhusu admini kufuta ujumbe wa yeyote, ukapotea kwa wote. Basi futa uzushi, mwache mtu!

Ushauri wangu wa bure huu hapa. Sheria ziandikwe kwenye maelezo ya grupu, kila anayeingia azisome. Onyo litangulie. Maadmini wawe watatu, na wakubaliane kabla ya kumtoa mtu. Anayetolewa aambiwe kosa lake na lini atarudi. La mwisho, na hapa najua wapo watakaoninunia: anayeshika hela asishike na mlango. Haiwezekani ukamuuliza mtu hesabu, halafu yeye huyo huyo ndiye aamue kama una haki ya kuuliza.

Haya, kazi kwenu. Wiki njema!