Usiku wa Baridi Quartzsite

Aliyezoea kusikia habari za miji mikubwa ya Marekani, yenye maghorofa na taa zisizozimika, asingedhani ya kuwa Quartzsite imo katika nchi ile ile. Ni mji mdogo wa jangwani, jimbo la Arizona, penye changarawe, miiba na milima mikavu. Makaburini imo piramidi ndogo ya mawe, na juu yake sanamu ya ngamia. Ni kaburi la Hadji Ali, aliyeletwa mwaka 1856 kutoka dola ya Waturuki awachunge ngamia wa jeshi, akafariki mwaka 1902. Wamarekani, ulimi ukiwashinda, walimwita Hi Jolly.

Siku hizi wageni wa Quartzsite ni wazee wakimbiao theluji ya kaskazini. Huja na motokari-nyumba zao, yaani motokari kubwa zenye vitanda na jiko ndani, wakatua La Posa, kusini mwa mji. Pale hapana waya wa umeme wa kuwafikia; kila mmoja hutegemea betri zake na mabamba ya jua juu ya paa.

Nasi tulilala huko katika gari la mzee mmoja aliyetukaribisha. Usiku wa pili taa zikafifia, zikawa nyekundu kama makaa chini ya majivu. Feni ya kupashia joto nayo ikazunguka kwa uvivu. Hapo tukaingiwa na hofu. Moto wa chombo kile ni wa gesi, lakini feni ikikosa umeme hauwaki. Na kifua cha mzee wetu hakistahimili baridi, nalo jangwa lile usiku wa Januari hukaribia kugandisha maji.

Mzee alikata shauri kwamba betri imekufa, kesho atanunua nyingine. Bei yake haikuwa ndogo. Twakiri kwamba hata sisi tulidhani hivyo. Lakini jirani mmoja, fundi mstaafu, alikuja na kipimo cha umeme, akatuamuru tuzime kila kitu na kungoja. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiisha kupumzika, huonyesha 12.6 au zaidi kidogo, ikifika 12.1 imebaki nusu, wala si vema kuishusha kupita hapo. Yetu ilionyesha 12.5. Kumbe, nzima!

Akawasha taa na feni, akapima kwenye betri: 12.3. Akapima kwenye taa: 10.6. Basi umeme ulipotelea njiani, lakini wapi? Akaweka ncha moja ya kipimo kwenye nguzo hasi ya betri, na ya pili kwenye chuma cha gari. Pale ilipasa ionekane karibu sufuri, ikaonekana 1.5. Akalala chali mchangani na tochi yake, akaukuta waya mnene ulipofungwa kwenye chuma cha chini: kutu ilikuwa imeingia katikati, na umeme ulijipenyeza kama maji katika mfereji uliojaa matope.

Tukazima tena. Fundi akafungua kwanza waya wa nguzo hasi, akasugua kutu hata chuma kikang'aa, akakaza boloti, akarudisha waya. Taa iliyokuwa na 10.6 sasa ikapata 12.1, na feni ikavuma sawasawa hata alfajiri.

Kulipokucha mzee alikwenda dukani kama alivyokusudia. Alirudi na chupa moja tu ya maji safi ya betri, kwa kuwa fundi alikuwa ameyaona yamepungua.