Mkorofi wa Tangi

Nilipostaafu ukuu wa chuo cha ualimu, nilijiwekea sebuleni tangi la kioo lenye maji ya bahari. Samaki wa kwanza kuingia, mweusi mwenye madoa matatu meupe, alijifanya mwenye nyumba; kila mgeni alimkimbiza na kumng'ata mapezi. Wavu haukufaa, kwani alijificha mawemaweni. Basi nikakata shingo ya chupa ya plastiki, nikaipachika kinyume, nikatia kipande cha kamba ndani. Siku ya tatu alinaswa, nikamrudisha mwambani nilikomvua.

Usiku huo sikupata usingizi. Nilimkumbuka mwanachuo niliyemfukuza kwa kuwapiga wenziwe, mwaka tuliowalaza vijana 12 katika chumba cha watu 6. Samaki yule alilinda makao yake tu; ufinyu wa tangi ndio uliomzidishia ukali. Na yule kijana? Sikumuuliza hata alikuwa akilala wapi.